Muulize Mwalimu: Barua iliyokaa kwenye faili miaka 58

SWALI: Mwalimu shikamoo. Toleo lililopita ulitaja kwamba Taiwan waliishi chini ya sheria ya kijeshi miaka mingi. Ndo nini hiyo hasa, na hao ndo wameshika rekodi? Msomaji, Ujiji, Kigoma.

JIBU: Marahaba. Kwa kifupi ni pale jeshi linapopewa mamlaka juu ya raia, yaani wewe mvuvi au muuza duka unashtakiwa kwenye korti ya wanajeshi, mikutano marufuku, vyama vipya marufuku, magazeti yanabanwa. Taiwan ilianza tarehe 20 Mei 1949 ikafutwa Julai 1987, miaka 38. Kwa muda mrefu hakuna aliyewapita, mpaka Syria ambao hali yao ya hatari ilianza 1963 ikaja kuondolewa 2011, hiyo ni 48. Fikiria mtu amezaliwa, kasoma, kaoa, kapata wajukuu na bado sheria ni ileile ya dharura.

SWALI: Shikamoo mwalimu, mi naandika kutoka Ulyankulu. Babu yangu alikimbia mauaji ya Burundi 1972 akiwa kijana, wakaletwa huku wakafyeka pori wakalima wakajenga, hiyo stori tunaijua wote. Ila ukimuuliza baba yake alikufaje, ananyanyuka anaenda kuangalia mbuzi, kila mara hivyohivyo. Sasa nikisoma kuhusu hao wa Taiwan kwamba mpaka leo wanafukua mafaili ya waliouawa najiuliza, inasaidia nini? Mama anasema yaliyopita si ndwele. Kufukua siyo kutonesha kidonda tu? Mjukuu, Ulyankulu, Tabora.

JIBU: Marahaba mjukuu wangu, hili swali nimekaa nalo siku kadhaa maana limenigusa.

Nianze na tumbaku kwa sababu sisi wa Tabora tumbaku tunaijua. Taiwan ilitawaliwa na Wajapani miaka 50, walipopigwa vitani 1945 ikakabidhiwa kwa serikali ya China ya wakati ule, ya chama cha Kuomintang. Sigara ilikuwa biashara ya serikali peke yake. Jioni ya tarehe 27 Februari 1947 pale mjini Taipei maafisa wa idara ya tumbaku wakamkuta mama mmoja mjane anauza sigara za magendo barabarani, wakamnyang'anya sigara na hela, akawa anawabembeleza wamrudishie, mmoja akampiga kichwani na kitako cha bastola mpaka damu ikamwagika. Watu wakajaa kwa hasira, afisa akafyatua risasi, mpita njia akafa. Kesho yake umati ukaenda ofisi ya gavana wakamiminiwa risasi, kisiwa kizima kikachafuka, na mwezi Machi meli zikaleta wanajeshi kutoka China bara. Ripoti iliyotolewa 1992 kwa agizo la serikali yenyewe ilikadiria waliouawa ni kati ya 18,000 na 28,000. Ni sigara za mama mmoja mjane hizo.

Miaka 2 baadaye ndo ikaja sheria ya kijeshi, na mwisho wa 1949 Chiang Kai-shek, kiongozi wa Kuomintang, akahamia na serikali yake yote baada ya kushindwa na wakomunisti kule bara. Hapo hofu ikawa ndo utawala wenyewe. Kulikuwa na sheria kwamba ukijua mtu ni jasusi wa wakomunisti usipomripoti na wewe ni mkosaji unafungwa, na anayeripoti anapata fungu kwenye mali ya aliyekamatwa. Sasa hapo jirani unamwaminije, shemeji unamwaminije? Watu walikamatwa kwa sababu ya kikundi cha kusoma vitabu, mwandishi Bo Yang alifungwa miaka 9 na kesi yake ilianzia kwenye katuni ya Popeye aliyoitafsiri, walisema kamkejeli rais. Wengi walipelekwa kisiwa kidogo baharini kinaitwa Green Island, wengine walipigwa risasi alfajiri pembeni ya mto hapohapo Taipei. Na shuleni mtoto akiongea lugha ya kwao anapigwa faini au anavishwa kibao shingoni.

Sasa nikwambie kuhusu daktari mmoja wa meno, huyu ndo jibu langu kwako. Alikamatwa, korti ya kijeshi ikampa miaka 15, faili likapanda juu kwa Chiang Kai-shek, likarudi limeandikwa kifo. Mei 1953 usiku wa mwisho akaandika barua 5, za mke wake, dada yake na watoto. Mke alimwambia aolewe tena. Mtoto wa mwisho wa kike alikuwa hajawahi kumshika hata siku moja, alizaliwa baba kashaingia ndani, huyo alimwandikia kumuuliza kama atakubali kumtambua kuwa baba yake. Asubuhi wakamuua. Barua hawakuzipeleka. Walizibana kwenye faili.

Yule mtoto akakua anaambiwa baba alikufa kwa ugonjwa. Mama yake kimya, nyumba nzima kimya, maana kusema ni hatari na baadaye hatari ikaisha lakini mdomo ukawa umeshazoea kufungwa. Mwaka 2008 binti yake, yaani mjukuu kama wewe, akaomba faili la babu kwenye hifadhi ya nyaraka ndo akazikuta zile barua. Na hata hapo walipewa fotokopi! Originali wakazipigania mpaka 2011, miaka 58 tangu ziandikwe. Mama mtu mzima wa miaka karibu 60 anasoma kwa mara ya kwanza baba anamuuliza, utanikubali?

Hebu niambie, hapo kilitoneshwa kidonda au kilifungwa?

Mama yako namheshimu na ile methali naijua inavyoendelea, tugange yajayo. Ila hao wa Taiwan walivyojaribu kuganga yajayo tu ilishindikana. Siku wanafuta sheria ya kijeshi 1987 ikaanza kutumika nyingine inayozuia waliohukumiwa na korti za kijeshi wasikate rufaa, yaani umetoka jela lakini kwenye makaratasi bado mhaini. Baadaye mambo yakaanza kufunguka, rais Lee Teng-hui akaomba radhi 1995, fidia zikalipwa, tarehe 28 Februari ikafanywa sikukuu ya taifa. Mwaka 2018 ikaundwa tume, ikafanya kazi miaka 4, ikafuta hukumu za maelfu ya watu. Lakini waliotoa amri karibu wote hawajawahi kusimama mbele ya hakimu, na hili mimi naliona ni pengo kubwa, kuna waliouawa wana majina na waliowaua hawana. Chiang mwenyewe sanamu yake bado imekaa kwenye jumba kubwa katikati ya Taipei, askari wa heshima wa kusimama pale mbele yake wameondolewa juzijuzi tu, 2024.

Na kufungua mafaili kuna uchungu wake sikufichi. Wapo waliosoma wakakuta aliyekuwa anaripoti habari zao ni rafiki yao wa chuo. Hilo linavunja watu.

Miaka niliyofundisha huko kwenu niliwahi kutoa insha darasa la 6, andika kuhusu babu wa baba yako. Kijana mmoja mzuri sana kwa Kiswahili akarudisha karatasi tupu, juu kaandika jina lake na tarehe basi, nikadhani ni uvivu nikampa sifuri. Mpaka leo ile karatasi naiona, kapiga mstari wa chini kwa rula, safi kabisa, afu hakuna kitu. Nilikosea na sikuwahi kumwomba radhi.

Babu yako hana faili lolote la kwenda kuomba, faili ni yeye. Usimkalishe kwenye kiti mbele za watu na simu inarekodi. Usianze na kifo pia, muulize baba yake alikuwa anapenda kula nini, alikuwa anaimba, alikuwa mrefu? Muulize kwa Kirundi kama unakijua, kama hukijui mwambie akufundishe kwanza. Na akinyanyuka kwenda kuangalia mbuzi, nyanyuka uende naye.