Browning ya nkambo inanipiga bega: nizidishe mafuta?

Swali: Fundi, jambo. Nkambo (babu yetu) alituachia Browning Auto-5, bunduki ya marisau ya nusu-otomatiki, kalibre 12, iliyotengenezwa Herstal, Ubelgiji. Karatasi zake ziko sawa. Kartushi nyepesi za kuwindia kanga inazirusha vizuri, lakini nikiweka nzito bega linauma hadi kesho yake, na sasa ubao wa mbele umepata ufa. Baba mdogo alisema ina kiu, tukaipaka mafuta, ndiyo imezidi. Je, imezeeka? (Msomaji, Katuba, Lubumbashi)

Jibu: Ndugu, haijazeeka, mmeilevya.

Kwenye Auto-5 mtutu wenyewe unarudi nyuma, umefungamana na bolti (kipande kinachoziba mtutu kwa nyuma), mwendo unaozidi urefu wa kartushi. Kisha mtutu unatangulia kwenda mbele, ganda linatupwa, bolti inafuata na kartushi mpya. Kinachozuia mtutu usigonge nyuma ni resori (springi) iliyovikwa kwenye bomba la kuwekea kartushi, chini ya mtutu, pamoja na pete ya bronzi inayolibana bomba hilo kama breki ya baiskeli. Nani anapaka breki mafuta?

Toa kartushi zote, chungulia chemba (mahali kartushi inapokaa ikifyatuliwa) na bomba, halafu chungulia tena. Weka mdomo wa mtutu juu ya kitambaa sakafuni, kandamiza bunduki kidogo ili resori isiisukume kofia ya mbele ya bomba, uifungue kofia hiyo polepole. Ukiisha kutoa ubao na mtutu, tafuta pete ya chuma iliyochongwa mshazari upande mmoja. Sitashangaa ukiikuta chini ya resori, imeegemea mwili wa bunduki. Huo ni mpangilio wa kartushi nyepesi. Kwa nzito ihamishe juu ya resori, mshazari uelekee bronzi: inaifinya, breki inakaza. Ukirudi kwa kanga irudishe chini, la sivyo maganda yatakwama.

Bomba lifute likauke, kisha pitisha kitambaa chenye dalili tu ya mafuta. Resori kama ni ile ile ya nkambo, weka mpya. Fundi akikuambia ataivuta irefuke, chukua bunduki yako uende zako.

Kuna resori ya pili imejificha ndani ya kitako, ndiyo inayorudisha bolti mbele, na karibu kila mtu huisahau. Nimewahi kufungua kitako kimoja ikamwagika kutu kama unga wa matofali. Mwenyewe alikuwa analaza bunduki ndani ya mfuko wa ngozi mvua zote, tangu Novemba. Ngozi inashika unyevu.

Ufa ni wa gundi ya epoksi na kubana usiku kucha. Msumari hapana, hata kidogo.

Jambo moja linanitia wasiwasi kuliko ufa. Soma namba zilizogongwa kwenye mtutu. Chemba ya milimita 70 inapokea kartushi za kawaida za dukani. Ukikuta 65 (naikuta zaidi kwenye kalibre 16 za kabla ya vita), kartushi ya 70 itaingia bila kulalamika, ila mdomo wake ukifunguka unakosa nafasi na shinikizo linapanda. Marisau ya chuma nayo usiweke kabisa; mitutu ya zamani ya Ubelgiji ilitengenezewa marisau ya risasi, ile metali laini.

Nitumie picha ya alama hizo kabla hujanunua boksi jingine.