Ruzuku ya mbegu za nyasi: usisaini fomu kabla hujasoma hapa

Wadau, ikitoka habari kwamba serikali inawasaidia wanaozalisha mbegu za malisho humu humu ndani badala ya kuagiza nje, swali la kwanza la watu ni wanatoa hela ngapi kwa ekari. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nikapewa mbegu na mbolea, nikapanda nyasi za Rhodes, shamba likapendeza mpaka wapita njia wanasimama, nikajua hapa nimetoboa.

Kumbe nyasi kustawi ni kitu kimoja na mbegu kupatikana ni kingine kabisa. Masuke yake hayaivi kwa mpigo, hili limeanza kupukutika lile bado bichi, ukisubiri yote yaive mbegu nzuri zishaanguka chini na ndege wanakushukuru. Mimi nikasubiri! Kidogo nilichopata nikakishindilia kwenye magunia na unyevu wake, kesho yake natia mkono ndani, moto. Mbegu ikishaungulia ndani ya gunia imekufa, halafu kwa macho unaiona nzima tu.

Maabara wakasema usafi (mbegu halisi ukitoa makapi) asilimia 60, uotaji (zile zinazoota kati ya hizo) asilimia 30. Zidisha hizo mbili unapata asilimia 18, yaani kwenye kilo 10 mbegu hai hata kilo 2 hazifiki, kilichobaki ni makapi na maiti.

Sasa angalia, msaada wote niliopewa uliishia siku ya kupanda, na hasara yote imetokea baada ya kuvuna. Kwa hiyo ukienda ofisini kwao uliza turubai, sehemu ya kukaushia, mashine ya kusafishia, na gharama ya maabara analipa nani. Uliza pia wanalipa kwa ekari au kwa kilo iliyofaulu vipimo. Ya ekari ni tamu mwanzoni ila hakuna anayejali kama mbegu imetoka, mimi bora ya kilo, tena niwe na mnunuzi kwenye karatasi kabla sijalima, manake mbegu ya nje ikishuka bei watu wanakukimbia.

Tarehe ya kukabidhi mzigo nayo isome vizuri. Mbegu ya Rhodes iliyotoka kuvunwa inalala, inaweza kuchukua miezi kadhaa ndo iote vizuri, ukibanwa uipeleke fasta unafelishwa bure.

Na kama kwenu mvua inanyesha wakati masuke yanaiva, kiukweli ruzuku haitakuokoa. Hata Marekani mbegu nyingi za nyasi za maeneo ya baridi zinatoka bonde la Willamette kule Oregon, mvua wanapata kipindi cha baridi halafu kiangazi kikavu ndo wanavuna. (Nyasi za tembo hazimo kwenye haya maneno, zile unapanda vipande vya shina.)

Msimu uliofuata nilipita shambani mara tatu nakung'utia masuke kwenye ndoo, nikatandaza kivulini tabaka jembamba, nageuza asubuhi na jioni. Mgongo uliniuma sana ila magunia hayakupata moto.