Kimya cha mteja si ridhaa

SWALI: Ndugu Mhariri, nina duka la vitenge Kariakoo. Kwa miaka sita nimekuwa nikiwatumia wateja barua pepe kila mzigo mpya unapoingia, na anwani zao waliziandika wenyewe kwenye daftari la kaunta. Sasa nimeshauriwa niwaombe ridhaa upya. Je, nikiwaandikia kwamba asiyejibu ndani ya siku saba nitamhesabu amekubali, inatosha?
Msomaji, Kariakoo

JIBU: Haitoshi, dada yangu, kwa sababu ridhaa hutolewa na mteja mwenyewe, na huyo aliyekaa kimya huenda hata barua yako hajaifungua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo linaloeleweka na zisitumiwe kinyume na lengo hilo. Kwa hiyo anza na lile daftari: juu ya ukurasa paliandikwaje? Kama palisomeka "barua pepe ya kutumiwa risiti", basi aliyeandika hapo alisubiri risiti, hakuomba matangazo.

Waliokwisha kujitoa usiwaandikie kabisa, hata kwa nia ya kuwauliza. Hapa ndipo wengi huteleza. Mwaka 2017 mamlaka ya taarifa ya Uingereza iliitoza kampuni ya ndege ya Flybe faini ya pauni 70,000 kwa kuwatumia watu waliokwisha kukataa matangazo barua pepe zaidi ya milioni 3, ikiwataka wahakiki taarifa zao.

Waliobaki waandikie barua moja fupi inayosema wewe ni nani, anwani yao uliipata wapi, utawatumia nini na mara ngapi, kisha weka kitufe cha "Ndiyo, endeleeni kunitumia" na kingine cha kujitoa kinachoonekana wazi vilevile. Usiweke kisanduku ulichokwisha kukitia tiki wewe; mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba tiki ya namna hiyo si ridhaa, na ingawa uamuzi huo hauifungi Tanzania, naona hoja yake ni ya haki.

Asiyejibu mkumbushe mara moja tu, kisha mwondoe. Najua inauma kuona orodha ya miaka sita ikipungua, tena kwa mkono wako mwenyewe. Anayekubali, hifadhi tarehe aliyokubali pamoja na maneno aliyoyasoma, ili akiuliza kesho uwe na cha kumwonyesha. Na kwenye daftari jipya chora safu ya pekee, "Naomba kuarifiwa mzigo mpya", ambayo mteja ataitia sahihi mwenyewe akipenda, nawe usimcheleweshee risiti akiiacha wazi.