RNA moja, mashine mbili, majibu tofauti: niamini ipi?

SWALI: Shikamoo dokta. Mi nasoma masters, nilichukua RNA (nakala za ujumbe wa jeni) ya damu ya mtu mmoja nikaigawa, nusu ikasomwa kwa Illumina nusu kwa Nanopore, halafu zote nikazipigia TPM (kipimo cha wingi wa ujumbe wa kila jeni) kwa skripti ileile. Sasa upande wa Nanopore jeni fupi zimepanda na ndefu karibu zote zimeshuka vibaya. Supavaiza anauliza mashine ipi mbovu, nimjibu nini?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Mashine ziache kwanza, hilo neno "skripti ileile" ndo limenishtua.

Illumina haisomi ujumbe wa jeni mzima mzima, unakatwakatwa kwanza, unageuzwa kuwa DNA, ndo inasoma vipande vifupi, mara nyingi herufi kama 150 hivi. Haya, chukua jeni mbili, moja ujumbe wake una herufi 1,000 na nyingine 10,000, na kwenye seli kila moja ina nakala 50. Ile ndefu itakupa vipande kama mara kumi zaidi na wala haifanyi kazi zaidi kuliko mwenzake, ni kama mtu anahesabu pingili badala ya kuhesabu miwa. TPM inagawa kwa urefu ili kurekebisha hilo.

Nanopore yenyewe inapitisha uzi wa ujumbe kwenye kitundu kidogo sana na kusoma umeme unavyobadilika, uzi unapita kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo hapo unahesabu muwa mzima. We ukagawa tena kwa urefu! Jeni ndefu umeziadhibu bure. Rudia kwa CPM, yaani idadi ya visomo vya jeni (nyuzi zake zilizosomwa) gawa kwa jumla ya visomo vyote zidisha milioni, basi.

Tofauti haitaisha yote lakini. RNA inaoza haraka mno, ikishakatika Nanopore inaambulia kipande cha mkiani tu, kwa hiyo angalia RIN yako (alama ya uzima wa RNA) ilikuwa ngapi kabla hujaenda mbali. Halafu hiyo ni damu, kama hukuondoa RNA ya globini (ya protini ya damu nyekundu) basi ujue imekula sehemu kubwa ya usomaji wako, na jeni iliyobaki na visomo viwili vitatu usiitungie hadithi.

Hili swali wakubwa walishalihangaikia. Mradi wa SEQC ulioongozwa na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, matokeo yakatoka 2014, ulipima kwa mashine za Illumina, SOLiD na 454 kwenye maabara tofauti. Walikuwa na RNA mbili, A ya mchanganyiko wa seli za binadamu na B ya ubongo, halafu wakachanganya A tatu kwa B moja, na kinyume chake, kama unavyochanganya chai na maziwa, kwa hiyo jibu walikuwa wanalijua kabla ya kupima (mi huo ujanja naupenda sana). Wakakuta uwiano, yaani jeni imepanda mara ngapi kutoka A kwenda B, unakubaliana vizuri kati ya mashine ukishachuja data, ila namba yenyewe ya jeni moja ndani ya sampuli moja haiaminiki, mashine zote.

Kwa hiyo linganisha makundi, tuseme wagonjwa na wazima, ndani ya Illumina, kisha ndani ya Nanopore, ndo uone kama mishale ya jeni kupanda au kushuka inaelekea upande mmoja. Tatizo we umesema una mtu mmoja tu, na hapo hata skripti ikinyooka bado huna cha kulinganisha, kaombe sampuli zingine.