Jibu: Raia wa Ujerumani ya Hitler alihukumiwaje kwa kosa la kijeshi?

Habari mkuu. Umekwama hapo tu: mtu hakuwa mwanajeshi, iweje auawe kwa maneno? Angalia shtaka kwanza. Likiwa ni kudhoofisha ari ya jeshi, amri yake ilitungwa 1938, ikaanza kutumika 1939, na iliwabana hata raia. Adhabu: kifo, au kifungo kesi ikiwa nyepesi.

Mimi darasani hutumia kesi ya Otto na Elise Hampel, wafanyakazi wa Berlin. Kaka yake Elise aliuawa vitani 1940, wakaanza kuandika postikadi za kumpinga Hitler, zaidi ya 200, wakiziacha kwenye ngazi za majengo. Waliookota wengi walizipeleka polisi (Wajerumani wenzao, jamani!). Otto na Elise walihukumiwa kwa shtaka hilo, wakakatwa vichwa 8 Aprili 1943. Rufaa usiitafute kwenye majalada; Mahakama ya Wananchi, mahakama maalum ya Wanazi iliyowahukumu, haikuwa nayo.