Mumiani wa ukungu: nimeuziwa kopi mbovu?

SWALI: Mzee wa Sinema, shikamoo. Jumamosi nilimwekea mke wangu filamu ya mumiani ya zamani, Vampyr ya Carl Theodor Dreyer, ya mwaka 1932. Picha ni ukungu mwanzo mwisho, watu hawasemi, na shujaa mwenyewe anatembeatembea kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Nusu saa haijaisha, mke wangu anakoroma. Nimepigwa?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Muuzaji hana kosa. Mikwaruzo ni ya uzee, maana hasi za asili, yaani ile filamu iliyotoka kwenye kamera yenyewe, zilishapotea, lakini ukungu ni wa makusudi. Siku za mwanzo mwanga ulipenya kwenye lenzi kwa bahati mbaya, picha zikatoka kijivu. Mwingine angezitupa. Dreyer na mpiga picha wake, Rudolph Maté, walizipenda, wakawa wanatundika shashi mbele ya kamera, kama mita moja hivi, ili ukijivu ule urudi.

Huyo shujaa wako si mwigizaji. Ni baroni Nicolas de Gunzburg: alilipia filamu, akapewa nafasi ya mbele, akajiita Julian West. Wengi wa wenzake nao hawakuwa waigizaji. Studio pia hamna; walipiga katika majengo halisi kule Courtempierre, Ufaransa. Na ilipooneshwa Berlin mwaka huohuo, watu walizomea. Mkeo angalau alikoroma kwa adabu.

Mimi ilinilaza mara mbili. Mara ya tatu nilizima taa, nikazima na feni yangu inayolia kwikwi, nikamkazia macho Sybille Schmitz, ambaye kuigiza alikujua. Ni Léone, binti aliyeng'atwa. Amelazwa, analia, anatamani afe. Ghafla kilio kinakatika. Macho yanapanda, yanazunguka chumba polepole, midomo inaachana kidogo kidogo mpaka meno yanaonekana. Meno ya kawaida tu, chonge hamna. Nduguye anarudi nyuma. Mwongozaji mwenye haraka angekiharibu kipande hicho.

Halafu tuseme kweli: sisi tuliotishwa utotoni na mumiani, nani aliambiwa ana meno marefu? Alikuwa mtu tu, anayepita usiku kama watu wengine. Kwa hiyo yule bibi kizee wa Dreyer na mkongojo wake, ambaye ndiye mumiani wa filamu hii, mimi namwogopa kuliko mumiani wote wa sinema wenye majoho.

Rudia usiku, simu iwe chumba kingine. Ni dakika 73 tu. Karibu na mwisho daktari mbaya ananaswa kwenye kinu, unga mweupe unammwagikia kichwani, yeye kang'ang'ania waya, na mashine haina habari naye, inazunguka tu. Mama akisinzia tena, mwache. Mwamshe unga ukianza kumwagika.