Methadoni gerezani: ya kushika unapoanza kazi

Mtumiaji wa heroini akiingia mahabusu, arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa unga, humwanza ndani ya siku hiyohiyo, na siku ya pili na ya tatu humtesa zaidi. Usingoje aombe. Mtazame: miayo, kamasi, vinyweleo vimesimama, mboni zimepanuka. Akiwa anasinzia na mboni zimebana kama ncha ya sindano, bado ana unga mwilini, usimpe dozi ya methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini.

Siku ya kwanza ni miligramu 20, zisizidi 30. Hapa ndipo wengi hukosea. Mgonjwa analia usiku, basi anaongezewa kesho yake, na keshokutwa tena. Methadoni hutoka mwilini polepole: ya jana haijaisha, ya leo imeshaingia juu yake. Siku ya nne unamkuta anakoroma, midomo imegeuka rangi, pumzi zinapungua. Ongeza 5 hadi 10 tu, tena baada ya siku kadhaa, mpaka arosto isirudi kwa saa 24. Wengi hutulia kati ya 60 na 120.

Soma lebo kila unapofungua chupa. Dozi ya 60 ni mililita 12 kama dawa ina miligramu 5 kwa mililita. Ikiwa na 10, ni mililita 6. Ukidhani moja ni nyingine, umempa maradufu au nusu.

Dirishani anywe mbele yako, asuuze kikombe kwa maji, ayanywe, kisha akutajie jina lake kwa sauti. Dawa iliyofichwa mdomoni huuzwa selo, na asiyeizoea inaweza kumuua.

Akianza dawa za kifua kikuu, rifampisini huipunguza methadoni mwilini na arosto hurudi. Hadanganyi; mpeleke kwa daktari apandishiwe dozi, na ishushwe tena taratibu rifampisini ikiisha. Akikosa siku tatu mfululizo kwa kuhamishwa au kupelekwa mahakamani, usimrudishie dozi yake nzima. Na askari akitaka mtu anyimwe dozi kwa kosa la nidhamu, mkatalie. Hii ni tiba, kama insulini.

Dhamana huja ghafla, mtu anaondokea mahakamani asirudi hata kuchukua nguo. Kwa hiyo barua ya rufaa iwe tayari tangu wiki ya kwanza: kiasi cha dozi, siku aliyokunywa mara ya mwisho, kliniki ya kumpokea. Dar es Salaam zipo, ya Muhimbili tangu 2011. Mwambie wazi, yeye na ndugu zake, kwamba wiki mbili za kwanza uraiani ndizo za hatari kuliko zote: mwili umeshasahau unga, na kipimo chake cha zamani kinaweza kumuua.